Kinachoigusa Sarafu

Shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966, ile yenye mkono ulioshika mwenge, ilipigwa chapa ili ikateseke. Ilirushwa kwenye kiganja cha kondakta, ikadondoka kwenye sakafu ya saruji, ikalowa jasho, ikashikwa na vidole vyenye mafuta ya vitumbua, ikafuliwa ndani ya mfuko wa suruali. Ilipitia hayo yote miaka nenda miaka rudi, mpaka thamani yake sokoni ikaisha kabisa, na bado uso wa Mwalimu Nyerere ulitambulika na vidole vya ule mkono vikahesabika. Kisha akatokea mtu aliyeipenda. Akaitia kwenye kifuko cha plastiki laini inayong'aa, kifuko akakipanga kwenye albamu, albamu akaifungia kabatini. Hapo ndipo shilingi ilipoanza kufa.

Nimeitazama shilingi ya namna hiyo chini ya lenzi. Kwanza huonekana ukungu mwepesi, kana kwamba mtu ameihemea. Ukiinamisha kwenye mwanga, ukungu ule unageuka kuwa ute wa kijani uliojikusanya mabondeni: ndani ya herufi, pembeni mwa pua, katikati ya vidole vilivyoshika mwenge. Ukiugusa kwa kijiti cha meno, unanata. Ikiwa bado mapema, ute huo hutoka kwa asetoni safi, ile isiyo na manukato wala mafuta yanayotiwa kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Sarafu huloweshwa kwenye kikombe cha kioo, karibu na dirisha lililo wazi na mbali na moto, kisha huachwa ikauke yenyewe bila kufutwa. Ikiwa umechelewa, asetoni itaondoa ute na kukuonyesha kilichokuwa chini yake: vishimo vidogo vidogo vilivyochimbwa ndani ya metali. Vishimo hivyo havina dawa.

Mkusanyaji anapoingia dukani kutafuta vifuko, macho yake hutangulia kuuliza kipi kitaonyesha sarafu vizuri zaidi. Swali hilo lingoje. La kwanza ni kifuko kimetengenezwa kwa kitu gani, maana kitu hicho ndicho kitakachogusana na metali usiku na mchana, kwenye joto na unyevu, kwa muda mrefu kuliko mkono wa mtu yeyote uliowahi kuishika sarafu ile tangu itoke kiwandani. Kondakta aliishika kwa dakika chache. Kifuko kitaishika miaka thelathini.

Plastiki inayofanya uharibifu huu ni PVC, ile ile ya mabomba ya maji. Bomba ni gumu kwa sababu PVC kwa asili yake ni ngumu. Ili ilainike, ikunjike na kung'aa, kiwandani huchanganywa na vilainishi ambavyo havishikani nayo barabara. Joto likizidi, vilainishi hutoka polepole na kutandaa juu ya chochote kilicho karibu. Plastiki yenyewe nayo ikichakaa hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hewani huwa asidi. Shaba haina ubavu mbele ya asidi hiyo, na karibu kila sarafu iliyopita mikononi mwetu ina shaba ndani yake, hata zile nyeupe. Senti hamsini ya sungura na shilingi ya mwenge za 1966 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Senti ishirini ya mbuni ina shaba, zinki na nikeli. Senti tano ya samaki ni shaba yenye kiasi kidogo cha metali nyingine. Zote zinashambulika.

Vifuko laini vya albamu za picha na vya kadi za biashara, vinavyopatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ofisi, mara nyingi ni vya plastiki hii. Vinatambulika kwa pua: vina harufu kali ya pazia jipya la bafuni. Asiyeiamini pua yake ana jaribio la kikemia la miaka mingi, linalobeba jina la Friedrich Beilstein. Shika kipande cha waya wa shaba kwa koleo, ukipashe kwenye moto wa gesi mpaka kiwe chekundu na moto usionyeshe rangi yoyote ngeni. Kigusishe kwenye pembe ya kifuko ili chembe ya plastiki ishike, kisha ukirudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani kibichi, klorini imo, na kifuko hicho hakifai. Fanya hivyo nje ya nyumba, kwa chembe ndogo tu, na usivute moshi wake. Jaribio hili lichukue nafasi ya maneno ya muuzaji, maana wauzaji wengi hawajui wanachouza, na kifuko hakiandikwi ubaya wake.

Sisi watu wa Pwani hatukurithi desturi ya kuhifadhi sarafu, na nadhani sababu yake inaeleweka. Vyombo vyote tulivyorithi vilitengenezwa kwa ajili ya fedha itakayotoka tena. Fundo kwenye pindo la kanga lilishika nauli ya kwenda na kurudi. Kibubu kilijazwa mpaka siku ya kuvunjwa. Senti za tundu, zilizoanza katika himaya za Afrika Mashariki na Uganda miaka ya mwanzo ya karne ya 20, zilitungwa kwenye uzi, na uzi ulikuwa chombo bora kwa kazi yake: sarafu zinahesabika, hazipotei, na hewa inapita. Hata chungu kilichofukiwa ardhini kilifukiwa na mtu aliyetumaini kurudi. Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua Mtambwe Mkuu, Pemba, hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu. Aliyezizika alitaka kuzificha, wala hakujali kama maandishi yake yatasomeka baada ya miaka mia tisa. Kuficha ni kazi moja na kuhifadhi ni kazi nyingine, ingawa zote mbili hufanywa kwa kufunika. Sarafu inapoingia kwenye mkusanyo, huenda ndiyo mara yake ya kwanza kukaa mahali bila kusubiri kutumika. Chombo cha maisha ya namna hiyo tunalazimika kujifunza kukichagua.

Na kujifunza kwenyewe kuanze kwa metali. Fedha halisi, kama reale ya Maria Theresa iliyoendelea kuandikwa mwaka 1780 hata ilipopigwa chapa miaka mingi baadaye, haiogopi chumvi kama inavyoogopa salfa. Salfa imo ndani ya mpira wa kufungia noti, ndani ya kitambaa cha sufu, ndani ya karatasi na kadibodi za bei ya chini. Funga reale kwa mpira, na baada ya muda utaona mstari mweusi umeizunguka pale pale mpira ulipopita. Shaba, kama pesa ya Sultani Barghash ya mwaka wa Hijria 1299 yenye picha ya mizani, hufanya weusi wa heshima ikikaa pakavu, lakini chumvi na unyevu vikikutana juu yake huanza kuoza kwa unga wa kijani. Alumini nayo ina udhaifu wake. Serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki na Uganda ilitoa senti ya alumini mwaka 1907 na 1908, kisha mwaka 1909 ikahamia kwenye shaba na nikeli. Zile za alumini zilizobaki, nyingi zimekuwa na madoa meupe ya kuliwa. Na sarafu zetu za leo, kama ile ya shilingi 500 yenye nyati, ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya nikeli. Ngozi hiyo ikikwaruzwa, kutu haiulizi.

Yapo na mahuluti. Shilingi ya simba na milima, iliyoanza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, watu huiita ya fedha, na wengi huihifadhi kama fedha. Mpaka toleo la 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha, asilimia 25, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba. Kwa hiyo inarithi maradhi ya pande zote mbili. Inaweza kuwa nyeusi kwa salfa na kuota kijani kwa plastiki mbovu. Aliye na shilingi hizo azihesabu kuwa za shaba anapozichagulia nyumba, hata kama nyuso zake zinang'aa nyeupe.

Baada ya metali ni hewa. Ushauri mwingi unaochapishwa kuhusu kuhifadhi sarafu umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao nyumba zao hukauka wakati wa kupasha joto vyumba. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na upepo wa bahari una chumvi ndani yake. Juu ya hayo kuna bati. Chumba kilicho chini ya bati bila dari huwa kama tanuri mchana, na kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka inaharakisha kazi ya plastiki mbovu. Aliyeko Njombe au Limuru ana nafuu kubwa. Aliyeko Kigamboni lazima ahesabu mambo ambayo vitabu vya wenzetu havikuyahesabu.

Chukua mfano wa kapsuli, kile kikopo kigumu cha akriliki chenye nusu mbili zinazobanana. Sifa yake ni kwamba inafunga, na watu huipenda kwa hilo. Lakini kapsuli haikaushi kitu. Inafungia hewa ile ile iliyokuwepo ulipoibana. Ukiifunga saa moja asubuhi wakati wa masika, umeifungia sarafu pamoja na unyevu wa masika. Ifunge kiangazi, saa nane mchana, jua likiwa limeshakausha hewa ya asubuhi, na sarafu yenyewe iwe imekaa kwanza ndani ya boksi pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za silika vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu vipya. Vifuko hivyo vina kikomo. Vikishajaa maji havifanyi kazi tena mpaka vikaushwe, na ndiyo maana zile chembe zinazobadilika rangi zikishiba zinafaa zaidi. Jihadhari pia na chumba chenye kiyoyozi. Hewa yake ni kavu, na hiyo ni neema, ila sarafu iliyopoa humo ikitolewa ghafla kwenye baraza la Pwani hutokwa na jasho kama chupa ya soda. Iache ndani ya boksi lake lililofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo ufungue.

Kapsuli ninaziona zinafaa kwa sarafu chache zilizo katika hali ya pekee, mathalani zile za fedha za mwaka 1974 zilizotolewa kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama, shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru. Nyuso za sarafu kama hizo ni kioo, na alama moja ya kidole inatosha kuziharibu. Kipenyo cha kapsuli lazima kiendane na cha sarafu. Ikiwa kubwa, sarafu itacheza ndani na kujikwaruza kila albamu inapoguswa.

Kwa sarafu za kawaida, na mkusanyo wa mtu wa kawaida ni wa sarafu za kawaida, sijaona chombo kinachozidi kadi ya kadibodi yenye dirisha. Ni kipande cha kadi kinachokunjwa kikawa mraba wa kama sentimita 5 kila upande, chenye tundu la mviringo katikati lililofunikwa kwa utando wa poliesta, ule unaojulikana kwa jina la kibiashara la Mylar. Poliesta haitiwi vilainishi, kwa hiyo haina cha kutoa. Sarafu inalala katikati, kadi inakunjwa, inabanwa kwa pini za stepla pande tatu, na pande zote mbili za sarafu zinaonekana bila kuguswa. Bei yake ni ndogo. Na ina nafasi ya kuandika, jambo ambalo kapsuli haina.

Udhaifu wa kadi uko kwenye pini. Pini ya stepla ni chuma, na Pwani chuma hupata kutu. Pini zikaguliwe, na inayoanza kuwa ya kahawia ibadilishwe kabla kutu haijatambaa kwenye kadi. Kisha kuna ncha zake. Ukibana kadi na kuiacha hivyo, ncha za nyuma hubaki zimeinuka, na kadi kumi zikirundikwa boksini, kila moja inalikwaruza dirisha na hata sarafu ya jirani yake. Chukua koleo, uzilaze ncha zote zilingane na kadi. Na siku ya kuitoa sarafu, ng'oa pini kwanza, zote. Usiivute sarafu kupitia upande usiobanwa, kwa kuwa ncha ya pini ikipita juu ya uso wake itaacha mstari kutoka sikio mpaka kidevu, na mstari huo utadumu kuliko wewe. Kuna kadi za kujibandika zisizohitaji pini. Zinavutia, ila gundi kwenye joto letu ni kitu nisichokiamini, na sitaweka chini yake sarafu ninayoijali.

Bahasha za karatasi zinafaa tu ikiwa karatasi haina asidi. Bahasha za kaki za ofisini ziachwe kwa barua. Droo za mbao zilitumiwa tangu zamani na wakusanyaji wa Ulaya, hasa za mahogani, na mwaloni ukaepukwa kwa sababu hutoa mvuke wa asidi. Hapa kwetu tatizo si mbao ngumu zilizokauka vizuri, ila makabati mapya ya mbao zilizosagwa na kugandishwa kwa gundi, na vanishi ambayo harufu yake haijaisha. Kwenye harufu pana mvuke, na mvuke huo utaishia juu ya metali. Hizi nimezipita haraka kwa kuwa mkusanyaji anayeanza hatazihitaji.

Kuhusu yale masanduku ya plastiki ngumu yanayofungwa kabisa na kampuni za upimaji za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC ya 1987, nitasema wazi. Ni kazi nzuri kwa sarafu ya bei kubwa ambayo wanunuzi wanataka kuhakikishiwa kuwa ni halisi, kama ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 Wajerumani walipozingirwa vitani. Kwa senti kumi ya tundu, gharama ya kuituma na kuipima inaizidi sarafu mara nyingi. Fedha hiyo inunue kadi na koleo.

Kabla ya kuiweka sarafu popote, iache ilivyo. Hili linawashinda wengi. Mtu akipata sarafu nyeusi ya babu yake hukimbilia ndimu, jivu, mchanga au dawa ya kung'arishia shaba, na baada ya dakika tano anashangilia mng'aro. Mng'aro huo ni wa ngozi mpya iliyovuliwa nguo. Ndimu imekula tabaka la juu, mchanga umeacha mikwaruzo maelfu, na hakuna chombo duniani kitakachoirudishia uso wake. Weusi uliotulia ni kinga. Wa kuhofiwa ni unga wa kijani mwepesi unaorudi kila ukifutwa. Hayo ni maradhi ya shaba, yanayoletwa na kloridi iliyojificha ndani ya metali, na huendelea kula maadamu unyevu upo. Sarafu yenye unga huo itengwe na wenzake, iwekwe peke yake kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na silika ya kutosha kuushusha unyevu chini ya asilimia 40, na ipelekwe kwa mtaalamu wa makumbusho.

Sarafu za shaba za Kilwa ndizo zilizo kwenye hatari kubwa ya maradhi haya, kwa kuwa zimelala karne nyingi kwenye mchanga wa chumvi. Ni sarafu ndogo na nyepesi, hazina mwaka, na zina jambo moja la kushangaza: maandishi ya uso mmoja yana vina vinavyooana na ya uso wa pili. Kwenye sarafu za Sultani Ali bin al-Hasan, jina lake liko upande mmoja, na upande mwingine maneno ya kumtegemea Mola yanayoishia kwa sauti ile ile. Uso mmoja ukiliwa na kutu, kina kimepoteza mwenziwe. Sarafu hizi mkusanyaji binafsi asizitafutie kadi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na aliyeiona moja ufukweni Kilwa Kisiwani aiache ilipo na kuwaarifu wahusika. Mahali ilipolala ni sehemu ya habari yake.

Mwaka 1944 askari wa rada wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye ufukwe wa kisiwa cha Marchinbar, katika Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Hakujua ni za wapi. Alizitia kwenye kopo, zikakaa humo mpaka mwaka 1979 alipozipeleka makumbusho, na ikabainika kwamba nne ni za Waholanzi na tano ni za Kilwa. Sarafu za masultani wetu zilikuwa zimevuka bahari yote ya Hindi, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Kopo lilizihifadhi salama, na tulishukuru. Lakini ninachokiheshimu zaidi ni kwamba Isenberg alikuwa ametia alama kwenye ramani, mahali hasa alipoziokota. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na mwanaanthropolojia Ian McIntosh walikwenda kisiwani wakiwa na ramani ile. Bila alama hiyo, sarafu zile zingebaki vipande vitano vya shaba kutoka mahali fulani Australia, na pasingekuwa na pa kwenda kutafuta.

Ndiyo maana nafasi ya kuandika kwenye kadi ninaiona kuwa nusu ya thamani ya kadi. Mzee mmoja wa Tanga, aliyestaafu kazi ya reli, alinitolea heleri ishirini ya Tabora ya 1916 kutoka kwenye kikopo cheusi cha filamu ya kamera ya zamani. Vikopo hivyo huwa vya polietilini, plastiki isiyodhuru, na sarafu ilikuwa imetulia, ya shaba ya njano iliyoiva, taji lake likiwa bado kamili. Nilimuuliza, "Shikamoo babu, hii umeipata wapi?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Alinipa baba. Alilipwa huko huko Tabora kwa kubeba mizigo, akatembea nayo kwa miguu mpaka nyumbani." Heleri ishirini za Tabora zipo nyingi, maana zilipigwa chapa kwa wingi kwenye karakana ya reli, za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Iliyotembea na mpagazi huyo mpaka Tanga ni moja. Nilimwomba ruhusa tuyaandike maneno yake kwenye kadi: jina la baba yake, kazi yake, safari yake. Tuliandika kabla ya kuingiza sarafu, kwa sababu kalamu ikikandamizwa juu ya kadi iliyokwisha fungwa huacha alama kwenye metali. Tulitumia penseli laini, ambayo haichuji wino wala haifutiki kwa unyevu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye sarafu za wazee nyumbani, usingoje masika yaingie. Toa albamu kabatini. Nawa mikono, uikaushe, tandika taulo mezani, na ushike kila sarafu kwa ukingo wake. Nusa kila kifuko, na chenye harufu kali ukitoe leo, hata kama huna kadi bado, kwani sarafu itakuwa salama zaidi juu ya karatasi nyeupe isiyo na asidi kuliko ndani ya plastiki ile. Kisha mwite babu au bibi, kama Mungu bado amewajalia uhai, umuulize kila moja ilitoka kwa nani, na uandike anavyokwambia.